Dume Ana Kazi Gani? Kweli na Si Kweli za Uzazi

Habari za jike na dume hazikosi wataalamu. Kijiweni, saluni, kwenye daladala, kila mtu ana lake la kusema, na wewe msomaji umeshayasikia mengi. Pengine mengine umeyarudia mwenyewe kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Safari hii tunayapima. Nitataja dai, nitatoa hukumu papo hapo, kisha nitaeleza kwa nini. Mengine yatakufa hapa hapa, na machache ya wazee wetu yatatoka na afya kuliko yalivyoingia.

Nyuma ya madai hayo yote limejificha swali moja ambalo limewasumbua wanabiolojia kwa zaidi ya miaka 100: ikiwa kiumbe anaweza kuzaa peke yake, kwa nini karibu wanyama wote na mimea mingi huhangaika kutafuta mwenzi?

“Kuku hatagi bila jogoo”

Si kweli. Mtembelee mfugaji yeyote wa kuku wa mayai pale Kibaha au Kiambu. Bandani mna majike mia kadhaa, jogoo hayupo hata wa dawa, na trei zinajaa kila siku. Kutaga ni kazi ya mwili wa kuku mwenyewe. Kinachoiendesha ni umri, chakula na saa za mwanga. Jogoo anatakiwa ukitaka vifaranga. Na yule anayekuambia kwamba yai lisilo na jogoo halina lishe, mwambie alete vipimo.

“Bila baba hakuna mtoto”

Si kweli, ingawa kwa mamalia, sisi tukiwemo, dai linasimama imara.

Anza na mzinga. Mfugaji nyuki wa Tabora au Kitui akiinua sega huwatambua madume mara moja: wanene, macho makubwa yanayokutana utosini, mwiba hawana. Mwaka 1845 padri mmoja wa Silesia, Jan Dzierzon, aliyekuwa fundi wa mizinga, alitoa hoja iliyozua ubishi mkubwa: madume hao hawana baba. Alikuwa sahihi. Yai la malkia likirutubishwa hutoa jike. Lisiporutubishwa hutoa dume. Kwa hiyo dume la nyuki hana baba, lakini ana babu mzaa mama. Mpangie ukoo wake ukiweza.

Si wadudu peke yao. Mwaka 2006 wanasayansi walitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba vya mayai ya mijusi wakubwa wa Komodo waliofugwa katika bustani za wanyama za London na Chester, nchini Uingereza. Flora, jike wa Chester, hakuwahi kukaa na dume maishani mwake, na bado baadhi ya mayai yake yalikuwa na watoto ndani. Katika nyika kavu za kusini magharibi mwa Marekani wako mijusi wembamba wenye mikia mirefu ambao spishi nzima ni majike watupu: anayezaa ni jike, anayezaliwa ni jike, na maisha yanaendelea.

Kwa mamalia mlango huo umefungwa, na sababu inajulikana. Baadhi ya jeni zetu hubeba muhuri wa mzazi zilikotoka. Kuna zinazozimwa zikitoka kwa mama, na nyingine zinazozimwa zikitoka kwa baba, hivyo kiinitete hakikamiliki bila pande zote mbili. Majaribio ya panya ya mwaka 1984 yalionyesha kwamba kiinitete chenye urithi wa mama pande zote mbili hufa mapema. Mwaka 2004 watafiti wa Tokyo walifanikiwa kumpata panya mwenye mama wawili, lakini kwa kuchezea jeni kwa makusudi na kutumia mayai mamia. Baba asikimbie majukumu kwa kisingizio cha mjusi.

“Jike na dume wapo ili kuzaana”

Si kweli, na hapa huteleza hata waliosoma. Kuzaana ni kuongeza idadi. Kukutana kwa jike na dume ni kuchanganya urithi wa wawili. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuna viumbe wengi wanaoyafanya kwa nyakati tofauti, hata mahali tofauti.

Ushahidi wa karibu kabisa unaubeba mwilini ukiugua malaria. Kimelea cha Plasmodium falciparum kikishaingia kwenye damu huzaana kwa kujigawa tu. Kinaingia ndani ya chembe nyekundu, kinajigawa mara nyingi, na baada ya takriban saa 48 chembe inapasuka na kumwaga vimelea vipya, navyo vinavamia chembe nyingine. Kule kutetemeka na homa ndiko kupasuka kwenyewe. Katika kazi yote hiyo hakuna jike wala dume.

Lakini baadhi ya vimelea huacha kuzaana. Hugeuka, vingine vya kike na vingine vya kiume, vikakaa kimya ndani ya damu vikisubiri mbu. Mbu akifyonza, mambo huenda kwa kasi: tumboni mwake, ndani ya dakika chache, kila kimelea cha kiume hutoa mbegu hadi 8 zenye mikia, nazo huogelea kutafuta vimelea vya kike. Ndoa inafungwa tumboni mwa mbu, si mwilini mwako. Na kama damu hiyo ilikuwa na vimelea vya koo mbili tofauti, mbu huyo atampelekea mtu mwingine mchanganyiko ambao haujawahi kuwepo duniani. Kimelea kina njia rahisi ya kuzaana na kinaitumia kila baada ya siku mbili. Mbona basi kinajisumbua kuoana? Shika swali hilo, tutalirudia.

“Ukipiga msumari kwenye mpapai dume, utazaa”

Si kweli. Jinsia ya mpapai iko kwenye kromosomu zake tangu ukiwa mbegu, na msumari haufiki huko. Kinachowadanganya watu ni kwamba mipapai dume yenyewe, hali ya hewa ikibadilika, wakati mwingine hutoa matunda machache yanayoning’inia kwenye vikonyo virefu. Aliyegongomea msumari mwezi uliopita humsifu fundi seremala.

Ila mpapai una somo jingine. Mkulima huatika mbegu, humwagilia, hupalilia, hungoja miezi mpaka maua yatoke, kisha anagundua kwamba miche mingi ni madume. Anaacha mmoja au miwili kwa ajili ya chavua, iliyobaki anaipiga panga. Maji, mbolea na jasho vimekwenda kwa mti usiozaa. Hilo linatuleta kwenye dai kubwa kuliko yote.

“Maumbile hayafanyi hasara, uzazi wa wawili umeenea kwa sababu ni nafuu”

Si kweli kabisa. Ni ghali kupita kiasi, na ndiyo maana wataalamu walikosa usingizi.

Fanya hesabu na mijusi wale wa nyika kavu. Chukua majike wawili, mmoja wa spishi isiyo na madume na mwingine wa spishi yenye madume. Kila jike, wa upande wowote, huacha watoto 2 wanaofikia umri wa kuzaa. Yule wa kwanza huacha majike 2, nao huacha 4, halafu 8. Kizazi cha 10 kina majike 1,024. Yule wa pili huacha jike mmoja na dume mmoja. Kizazi cha 10 bado kina jike mmoja na dume mmoja. Mwanabiolojia wa Uingereza John Maynard Smith ndiye aliyeiweka hesabu hii mezani katika miaka ya 1970, na hakuna aliyeweza kuipuuza tangu hapo: madume hula kama wengine lakini hawazai. Kwa hesabu hiyo, spishi yenye madume ilipaswa kumezwa na majike wanaojizalia ndani ya vizazi vichache.

Na hiyo ni bei ya mwanzo tu. Ongeza muda wa kumtafuta mwenzi, kupigana kwa ajili yake, kumwimbia mpaka adui akusikie, na maradhi ya kuambukizana. Ongeza pia hasara ambayo watu huisahau: kuchanganya kunaweza kuvunja kitu kilichokuwa kizuri tayari.

Mfano wake tunao nyumbani. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki akionyesha kwamba mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu, yaani AS, ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. AS ni urithi wa bahati katika nchi ya mbu. Kama binadamu wangezaa kwa kujinakili, watoto wote wa mtu wa AS wangekuwa AS. Lakini AS akizaa na AS, karata zinachanganywa upya: kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto wa SS, mwenye ugonjwa wenyewe. Familia nyingi za kuzunguka Ziwa Victoria zinaijua hesabu hiyo kwa machozi.

Sasa fikiria: jambo lenye hasara kiasi hiki ni la kale mno. Kwenye miamba ya kaskazini mwa Kanada kuna mabaki ya mwani mwekundu yaliyokadiriwa kuwa na umri wa zaidi kidogo ya miaka bilioni 1, na tayari yanaonyesha dalili za seli za uzazi wa jinsia mbili. Hasara haidumu miaka bilioni 1. Lazima kuna faida inayolilipa deni hilo, tena inayolipa upesi.

“Viumbe huchanganya damu kwa faida ya spishi”

Nusu kweli. Kuchanganya, ndiyo. Kwa faida ya spishi, hapana.

Mjerumani August Weismann alilisema la msingi katika miaka ya 1880: uzazi wa wawili hutoa watoto wasiofanana, na kutofanana ndiyo malighafi ya uteuzi asilia. Vitabu vya shule vikalichukua hilo na kulifupisha: tunachanganya ili spishi iweze kubadilika mazingira yakibadilika. Linasikika vizuri, lakini lina tundu. Uteuzi asilia hauna kamati ya mipango. Haumwachii jike apate hasara ya nusu leo kwa sababu wajukuu wa wajukuu wa spishi watanufaika baada ya miaka 10,000. Muda huo mrefu kabla haujafika, majike wanaojizalia wangekuwa wameshaijaza nyika.

Kwa hiyo tafuta kitu kinachobadilika haraka, karibu kila kizazi, na kinachoua. Baridi na ukame haviendi kasi hiyo. Maradhi yanaenda. Bakteria, virusi na minyoo huzaliana mara nyingi ndani ya maisha ya mwenyeji wao mmoja, na kila mara vile vinavyoweza kumwingia mwenyeji wa aina iliyo nyingi ndivyo vinavyoongezeka. Ukiwa umefanana na kila mtu, umeshalengwa. Aliyezaliwa tofauti ndiye anayepumua. Mwingereza W. D. Hamilton aliijenga hoja hii kuanzia mwaka 1980, na watu huiita nadharia ya Malkia Mwekundu, jina ambalo Leigh Van Valen alilitumia mwaka 1973 akilichota kwenye hadithi ya Lewis Carroll: unakimbia kwa nguvu zako zote ili ubaki pale pale ulipo.

Hoja tamu, lakini ushahidi uko wapi? Uko New Zealand, ndani ya konokono wadogo wa maziwa na mito ambao kwa urefu hawazidi kucha ya kidole. Spishi hiyo ina konokono wa aina mbili wanaoishi maji yale yale: majike wanaojinakili, na wengine wanaozaa kwa jike na dume. Mwaka 1987 Mmarekani Curtis Lively alionyesha kwamba madume wanapatikana kwa wingi pale ambapo konokono wanaumwa sana na minyoo fulani, ndugu wa mbali wa minyoo ya kichocho, inayomfanya konokono aliyeambukizwa awe tasa. Palipo na minyoo michache, majike wanaojinakili wanatamba. Yeye na wenzake waliendelea kurudi kwenye ziwa moja mwaka baada ya mwaka, na waliona jambo la kupendeza kwa mtafiti, baya kwa konokono: nakala zilizokuwa nyingi mwanzoni ndizo zilizokuja kushambuliwa zaidi na kupungua, baadhi kwa kiasi kikubwa mno. Minyoo ilikuwa imezijua.

Maabara nayo ikasema lake mwaka 2011. Watafiti wa Marekani walitumia mnyoo wa urefu wa milimita 1, Caenorhabditis elegans, ambaye kwa kawaida anaweza kujirutubisha mwenyewe au kupandwa na dume. Wakatengeneza koo zinazoweza kujirutubisha tu, na nyingine zinazochanganya. Wote wakalishwa pamoja na bakteria anayeua, na bakteria huyo akaachwa abadilike sambamba na mnyoo. Koo zilizojirutubisha zilikufa zote ndani ya vizazi 20. Zilizochanganya ziliishi. Na pale walipomzuia bakteria asibadilike, minyoo iliyokuwa na hiari ilichanganya kwa muda, kisha ikarudi taratibu kwenye kujirutubisha. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda mimi: adui akisimama, haja ya dume hupungua.

Sasa rudi kwa kimelea cha malaria tumboni mwa mbu. Naye ana adui anayebadilika, yaani kinga ya mwili wako na dawa unazomeza. Naye anachanganya.

“Mbegu iliyozaa vizuri mwaka jana itazaa vizuri siku zote”

Kweli, mpaka ugonjwa ufike.

Mkulima wa migomba na mihogo ameishi na dai hili maisha yake yote, na hana kosa. Ndizi tulizozoea hazina mbegu. Ile mistari ya vidoa vyeusi unayoiona ukikata ndizi mbivu ni mayai ya mmea yaliyokufa kabla ya kuwa mbegu. Kila mgomba ni chipukizi la mgomba mwingine, nakala ya nakala. Ndizi za kupika za Uganda na Bukoba zina majina mengi na ladha tofauti, lakini vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba zinakaribiana mno. Mnyauko wa bakteria ulipoonekana Uganda mwaka 2001 na baadaye kuvuka hadi Kagera, haukuhitaji kujifunza upya kila shamba. Ireland ilipata pigo la namna hiyo kuanzia mwaka 1845: watu maskini walitegemea aina moja ya viazi inayopandwa kwa vipande, ukungu ukaingia, na takriban watu milioni 1 wakafa.

Muhogo ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu dawa yake ilipikwa Tanga. Mkulima hupanda pingili, kwa hiyo shamba zima ni mmea mmoja uliokatwakatwa. Ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani na kuyatia mabaka ya njano, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Katika miaka ya 1930 watafiti wa kituo cha Amani, kule Usambara Mashariki, walitafuta muhogo unaostahimili na hawakuridhika na waliyoyapata. Wakageukia kitu ambacho mkulima hukipuuza: ua la muhogo. Walichukua chavua na kuuvusha muhogo na mti jamaa yake wa mwituni, ule ulioletwa na Wajerumani kwa ajili ya mpira. Watoto wa kwanza hawakuwa na mizizi ya kujivunia. Wakawavusha tena na muhogo, na tena, kizazi hadi kizazi, mpaka wakapata mimea yenye mizizi mizuri inayostahimili maradhi.

Mwaka 1956 mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria. Huko zilizaa mmea uliotumiwa baadaye na watafiti wa Ibadan kutengeneza muhogo unaojulikana kama TMS 30572. Batobato kali ilipoyafagia mashamba ya Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, miongoni mwa mihogo mipya iliyogawiwa wakulima ilikuwemo TMS 30572 yenyewe, ikapewa jina la Migyera. Ndoa iliyofungwa Amani ilikuja kulisha Uganda baada ya nusu karne. Kisha, kama kawaida, mkulima akakata pingili na kuanza kunakili upya.

“Asiyechanganya hafiki mbali”

Kweli kwa wengi, ila kuna mdudu mmoja mwenye kiburi.

Nakala ikinakiliwa bila kuchanganywa, kila kosa dogo la vinasaba linabaki humo na jingine linaongezeka juu yake. Kimelea cha malale cha Kongo na Afrika Magharibi, Trypanosoma brucei gambiense, ndicho ushahidi: mwaka 2016 watafiti wa Glasgow walionyesha kwamba kimeishi bila kuchanganya kwa takriban miaka 10,000 na makosa yanarundikana. Ndugu yake wa Afrika Mashariki bado huchanganya ndani ya tezi za mate za mbung’o. Kimahesabu, yule wa Kongo anaelekea pabaya, ingawa mgonjwa hawezi kungoja hesabu itimie.

Mwenye kiburi ni bdeloidi, mnyama asiyeonekana kwa macho matupu anayeishi kwenye kuvumwani za mawe na maji ya mifereji. Spishi zao zinazojulikana ni zaidi ya 400 na dume hajapatikana hata mmoja, ingawa ukoo wao una miaka mamilioni kwa mamilioni. Maynard Smith aliwaita kashfa. Siri yao moja ni ukame: maji yakikauka hukauka nayo, vimelea wao wa ukungu hufa, upepo huwabeba na kuwaangusha mahali pasipo na adui. Badala ya kumbadilikia adui, wanamhama. Pia vinasaba vyao vimejaa vipande vilivyotoka kwa bakteria, ukungu na mimea, na vipimo vya miaka ya karibuni vimeonyesha dalili kwamba baadhi yao huchanganya wao kwa wao kwa njia ambayo bado haijakamatwa wazi. Hata useja wao una minong’ono.

“Mwanamke ndiye anayeleta watoto wa kike”

Si kweli, na dai hili limevunja ndoa za watu wasio na hatia. Yai la mama hubeba kromosomu X siku zote. Mbegu ya baba hubeba X au Y, na hiyo ndiyo inayoamua. Mmarekani Nettie Stevens aliliona hilo kwenye mbawakawa wa unga mwaka 1905. Zaidi ya karne imepita; shemeji wa kulaumu mke hana kisingizio.

“Damu ya karibu haifai”

Kweli. Hapa wazee wanastahili kiti cha mbele.

Koo nyingi za bara zilikataza kuoa ndani ya ukoo zamani kabla ya mtu yeyote kusikia neno jeni, na wafugaji walijua kumhamisha dume. Sababu ni kwamba kila mmoja wetu amebeba jeni mbovu chache zilizofunikwa na jeni nzima za upande wa pili. Ndugu wa karibu huwa wamebeba ubovu ule ule, na wakizaa pamoja kifuniko kinakosekana. Charles Darwin, aliyekuwa amemwoa binamu yake, alitumia miaka 11 kulinganisha mimea iliyovushwa na iliyojirutubisha, na mwaka 1876 akachapisha jibu: iliyovushwa kwa kawaida ilikuwa mirefu, yenye nguvu na yenye mbegu nyingi.

Wasomaji wa Pwani, ambako ndoa za binamu ni halali na za kawaida, watauliza. Utafiti mkubwa wa Bradford, Uingereza, uliotolewa mwaka 2013, ulikuta kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ilipanda kutoka takriban asilimia 3 hadi 6 wazazi wakiwa mabinamu wa kwanza. Watoto walio wengi huzaliwa wazima. Hatari hukua pale ndoa za namna hiyo zinaporudiwa vizazi kwa vizazi katika nyumba ile ile, na familia yenye selimundu au ugonjwa mwingine wa kurithi ina kila sababu ya kupima kabla ya kuandika tarehe.

Kwa mifugo, wazee hawakuacha mjadala. Kumwacha dume apande binti zake ni kulipa gharama yote ya kumlisha bila kupata mchanganyiko uliomfugia. Kwa hiyo, kama beberu wako anakaribia mwaka wa pili kundini, angalia umri wa majike aliowazaa: mbuzi jike anaweza kupata joto akiwa na miezi 6 hivi, au hata kabla. Mtoe mapema, ubadilishane na mfugaji wa kijiji cha mbali ambaye kundi lake halikutoka kwako, na umtenge huyo mgeni wiki mbili au tatu kabla ya kumwingiza zizini.